Kiitikio Ambacho Chelimo Hakukiimba

Weldon alichomoa waya wa gita lake la besi katikati ya kiitikio, akaukunja taratibu kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe, akashuka jukwaani. Harusi ilikuwa katika uwanja wa kanisa pale Kapkatet, bibi harusi na wasimamizi wake walikuwa wanacheza, na Wamuyu akabaki na maiki mbele yake akiimba bila besi. Aliumaliza wimbo kwa sababu hakujua la kufanya lingine. Alipoinua macho, aliona kwamba meza ya wazee, ile iliyokuwa karibu na hema la chakula, ilikuwa tupu na nyama ilikuwa bado kwenye sahani.

Mwanamume mzima akiacha nyama harusini Kapkatet, usiulize kama kuna jambo. Uliza ni jambo gani. Hilo ndilo Wamuyu aliuliza jioni ile alipompigia Weldon simu, na Weldon akamjibu kwamba amepata kazi nyingine, kwamba amechoka, kwamba anamtakia kila la heri, mambo matatu yasiyopatana hata kidogo.

Wamuyu alikuwa binti ya Thuo, yule mwenye duka la hadwea karibu na barabara ya kwenda hospitalini. Babu yake alitoka Nyeri akanunua ploti Kapkatet kabla Thuo hajazaliwa. Kwa hiyo Wamuyu alizaliwa hapo, akasoma hapo, na Kikipsigis chake kilikuwa laini hadi wateja wapya wa dukani walikuwa wanamuuliza yeye ni wa ukoo gani. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni Kabianga, akisomea ualimu ili baba yake apate usingizi.

Lakini aliyemwingiza kwenye muziki ni huyo huyo baba. Wakikuyu wengi wa rika la Thuo wana ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni muziki wa kantri. Kila Jumapili baada ya kanisa Thuo alikuwa anavaa kofia yake pana, anafungua redio, na kuketi mlangoni akisikiliza wazungu wakililia farasi, mapenzi na reli, yeye ambaye hajawahi kupanda farasi wala treni. Wamuyu alikulia katika nyimbo hizo. Alijifunza gita la kanisa, na alipoanza kutunga hakuimba farasi. Aliimba ng'ombe aliyevunjika pembe, mama mjane wa Mogogosiek, na baridi ya asubuhi inayong'ata vidole vya wachumaji chai. Chelimo, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alikuwa anaimba sauti ya pili. Sauti ya Chelimo ni nene na tulivu, na ikiungana na ya Wamuyu watu huacha kula.

Wimbo uliomtoa Wamuyu uliitwa "Kijani Chote Hiki". Ulimhusu kibarua aliyechuma majani ya wengine maisha yake yote, na kiitikio chake kilisema:

*Ukungu ukipanda, niite jina langu,*
*ukungu ukishuka, niko papa hapa.*

Maneno yalikuwa ya kawaida tu. Sauti ya kiitikio chenyewe ndiyo iliyowashika watu. Ilipanda, ikakaa huko juu kama inangoja ruhusa, halafu ikashuka yote kwa mara moja, na ukiisikia asubuhi utashinda nayo kutwa nzima. Kim, aliyeurekodi katika studio yake ndogo mjini Kericho, aliucheza mara nyingi mfululizo akitikisa kichwa. "Wamu, umetoa wapi hii korasi?" alimuuliza. Wamuyu alisema imekuja tu. Aliamini hivyo kabisa. Redio ya pale ikaupiga, watoto wakaushika, na madereva wa trekta za majani wakawa wanaupiga mbinja.

Jambo moja tu halikukaa sawa tangu mwanzo, na Wamuyu hakulitilia maanani. Kila walipofika kwenye kiitikio, Chelimo alikuwa anarudi nyuma hatua moja na kukohoa. Koo, alisema. Baridi. Studioni Kim alilazimika kumrekodi Wamuyu mara mbili ili ajiimbie sauti ya pili mwenyewe.

Baada ya harusi ile mambo yalianza kufungwa moja moja. Redio iliacha kuupiga wimbo, na mtangazaji hakupokea simu. Wamuyu aliingia hotelini kunywa chai, wimbo ukasikika kwenye simu ya mtu, na mzee mmoja akanyoosha mkono akaizima simu ambayo hata si yake. Mwenye simu, mtu wa makamo, hakulalamika. Aliinamisha kichwa kana kwamba ndiye aliyekosa. Hakuna aliyemtukana Wamuyu. Wote walimsalimu, chamgei, chamgei mising, kisha wakanyamaza. Waswahili wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Wamuyu alianza kuusikia huo mshindo.

"Ni kwa sababu mimi ni Mkikuyu," alimwambia baba yake dukani.

Thuo alikuwa anapima nyaya. Aliweka nyaya chini, akatoka nje, akaigeuza pikapu yake. Tangu mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, Wamuyu akiwa mtoto mdogo, Thuo hajawahi kuegesha gari pua ikitazama ukuta. Lazima pua itazame barabara. Siku hiyo gari lilikuwa limeegeshwa vizuri tu, lakini aliligeuza tena, akarudi na kusema, "Acha kuimba kidogo. Maliza shule. Watu wakisahau, utaanza tena na kitu kingine."

"Nimefanya nini, Dadi?"

"Mimi sijui umefanya nini. Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Wamuyu alikasirika. Angetukanwa angejibu. Angeambiwa rudi kwenu angeuliza kwao ni wapi, maana yeye hana kwao kwingine. Lakini utapigana vipi na watu wanaokusalimia vizuri?

Na wakati huo huo siku ya wakulima ilikuwa inakuja. Kiwanda cha chai cha Mogogosiek kilikuwa kimemwalika kuimba uwanjani Jumamosi, mbele ya wakulima wa Konoin yote, na Kim alikuwa amemwalika mtu wa kampuni ya muziki kutoka Nairobi aje amwone. Mtu huyo alikuwa ameusikia wimbo mmoja tu, na huo mmoja ndio aliokuwa anaufuata.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, Mzee Kipkemboi aliingia dukani.

Huyu hakuwa mzee wa kuitwa mzee kwa heshima tu. Shamba lake la chai linapakana na ploti ya Thuo upande wa mtoni. Mwaka ule wa vurugu, familia ya Thuo ilipokimbilia kituo cha polisi, yeye ndiye aliyebeba mabati ya duka usiku na kuyafunika kwa matawi ya chai yaliyokatwa, na waliporudi akayarudisha yote. Thuo alimvutia kiti. Mzee hakukaa. Aliomba mlango ufungwe, na Thuo akaufunga.

"Mtoto," mzee alisema, "hiyo wimbo yako. Ile mahali watu wanaitikia. Ulitoa wapi?"

"Nimetunga, guka." Alimwita guka, yaani babu kwa Kikuyu, tangu utotoni, naye mzee alishazoea.

"Hapana. Maneno umetunga, sawa. Mimi nauliza sauti."

"Ilikuja tu."

"Fikiria."

Wamuyu akafikiria. Na kwa kuwa mzee hakuwa na haraka, na hakukuwa na mahali pa kukimbilia, kumbukumbu ikaja. Alikuwa na miaka kama kumi. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, na mama yake, Mungu amlaze pema, alikuwa amemtuma maziwa kwa Mzee Kipkemboi. Njia ilipita ukingoni mwa chai, juu ya mto. Ng'ambo kulikuwa na miti mingi, na kutoka kwenye miti hiyo zilikuja sauti za wavulana wakiimba pamoja, na sauti nzito za wanaume zikiwajibu. Zilipanda, zikakaa, zikashuka. Wamuyu aliweka mtungi wa maziwa chini, akaketi kwenye nyasi, akasikiliza mpaka baridi ikamwingia. Nyumbani aligombezwa kwa kuchelewa, na basi.

"Nilikuwa nimekuja kwako kuchukua maziwa," alisema polepole. "Desemba. Kule ng'ambo ya mto kulikuwa na..."

Mzee aliinua mkono. "Basi. Usimalize."

Hakukuwa na haja ya kumaliza. Wamuyu alijua ng'ambo ya mto kuna nini Desemba, kila mtu anajua. Ndiko wavulana waliotahiriwa hukaa, wakifundishwa na wanaume mambo ya wanaume, na mwanamke hapiti huko wala hayaulizi. Msichana yeyote wa Kikipsigis angefundishwa na mama yake mapema: upepo ukikuletea sauti hiyo, ziba masikio na upite upesi, na ikikuingia kwa bahati mbaya, isitoke kinywani mwako hadi kaburini. Mama Wamuyu alimfundisha binti yake kusali, kunawa mikono na kuheshimu wakubwa. Hili hakulijua mwenyewe, angemfundisha vipi? Na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, tena mbele ya harusi nzima.

Aibu ilimpanda Wamuyu kuanzia miguuni. Aliwaona wazee wakiacha nyama. Alimwona Weldon, aliyepitia huko ng'ambo miaka michache tu iliyopita, akisimama nyuma ya msichana anayeiimba sauti ile kwa maiki, na bibi harusi akiichezea.

"Kwa nini hakuna mtu aliniambia?" alisema. "Weldon angeniambia tu."

"Angekuambia nini? Akisema hiyo ni ya nani, ameshaitoa nje. Hata mimi hapa sijakuambia kitu. Nimekuuliza swali." Mzee aliegemea fimbo yake. "Kuna wazee walitaka kwenda kwa chifu. Nikawaambia hapana. Mgeni ndiye anashtakiwa kwa chifu. Mtoto wa nyumbani anaambiwa nyumbani."

Thuo, aliyesimama kando ya mifuko ya simiti, aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tufanye nini, mzee? Asiende Jumamosi?"

"Aende. Ameitwa." Kisha akamgeukia Wamuyu. "Mimi nitakuwa pale, kiti cha mbele. Sitakuzuia, wewe ni mtu mzima. Lakini ukiimba ile kitu, nitasimama niondoke, na wengine wataniona nikiondoka. Baada ya hapo sitaweza kuwasemea tena. Hiyo ni ukweli, si vitisho."

Alimsalimu Thuo kwa mikono miwili, akatoka.

Wamuyu alimpigia Kim akamwomba wapige nyimbo nyingine Jumamosi. Hakuweza kumweleza sababu, na sasa akajua Weldon alivyojisikia. Kim, mtoto wa mjini, alicheka kwanza, halafu akakasirika.

"Wamu, nisikilize. Huyu jamaa haji kusikia ng'ombe ya pembe moja. Anakuja juu ya hiyo korasi. Bila hiyo korasi wewe ni msichana na gita, na wako wengi. Hao wazee watazoea. Watu huzoea kila kitu."

"Na nikiibadilisha?"

"Ukibadilisha, usiniite tena. Nakuambia kama ndugu."

Kesho yake alimfuata Chelimo shambani kwa mama yake, akafunga leso kiunoni, akachukua kapu, akaanza kuchuma upande wa pili wa mstari. Walichuma bila kuongea, mikono ikikata majani mawili na chipukizi na kurusha nyuma begani, hadi Wamuyu akashindwa.

"Ulijua," alisema.

Chelimo aliendelea kuchuma. "Koo langu lilikuwa linauma."

"Miezi hii yote?"

"Miezi hii yote."

"Chelimo, mimi ni rafiki yako. Nimeimba hiyo kitu kila mahali kama mjinga, na wewe unakohoa tu?"

Hapo Chelimo aliacha kuchuma. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na Wamuyu hakuwa amemwona akilia tangu shule ya msingi. "Ningesema naijua, ningekuwa nimesema niliisikia," alisema. "Hata mama hajui niliisikia. Nilikuwa naomba Mungu kila siku uchoke na huo wimbo. Wewe ukazidi kuupenda." Akajifuta kwa mkono wenye utomvu wa chai, uso ukabaki na michirizi. "Sikuweza kukuambia, na sikuweza kuimba. Kukohoa tu ndiko nilikuwa naweza."

Wakarudi kuchuma. Wamuyu alijaribu kutafuta sauti nyingine akitembea na kapu, na kila aliyoipata iligeuka ikarudi ile ile. Ilikuwa imezoea kupanda. Alichopata mwishowe kilikuwa kifupi na cha chini, hakikupanda kokote, kilifuata mikono tu: kata, kata, rusha. Alikiona duni. Hakumwimbia Chelimo. Hakuwa ameamua.

Jumamosi uwanja wa Mogogosiek ulijaa hadi kwenye ua wa kiwanda. Mawingu yalikuwa yameshuka chini kabisa. Mzee Kipkemboi alikaa mstari wa mbele amevaa koti na kofia, fimbo katikati ya magoti, na wazee wa rika lake kushoto na kulia kwake. Kim alisimama kando ya spika na mgeni wake wa Nairobi, kijana aliyevaa viatu vyeupe visivyojua matope ya Konoin. Thuo alikuwa langoni. Pikapu yake ilitazama barabara.

Wamuyu aliimba wimbo wa ng'ombe, akaimba wa mjane, na watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha watoto wakaanza kupiga kelele, "Kijani! Kijani!" Kim akamwinulia kidole gumba. Chelimo, pembeni yake, alishika koo.

Alianza ubeti wa kwanza. Vidole vilikuwa vya baridi na gita lilikuwa zito. Akawaza juu ya mgeni mwenye viatu vyeupe, juu ya studio kubwa, juu ya redio ambazo hazijui ng'ambo ya mto kuna nini wala hazijali. Ingekuwa ni kuimba mara moja tu, na kuondoka. Wengine wameondoka kwa sababu ndogo zaidi. Ubeti ukaisha na gita likabaki linangoja.

Hakupata nafasi ya kuanza. Watoto walimtangulia, pamoja na akina mama wa sokoni waliouokota wimbo redioni, mamia ya sauti, na sauti ile ikapanda juu ya uwanja, ikakaa kule juu. Mzee Kipkemboi aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Wazee wa kulia na kushoto wakamtazama. Akaanza kuinuka.

Wamuyu alizipiga nyuzi kwa kiganja. Spika zililia vibaya, na uwanja ukanyamaza.

"Hicho kiitikio," alisema, na kwa sababu ya maiki kila mtu alisikia anavyohema, "nilikichukua mahali ambapo si pangu. Sikuomba. Leo nimekirudisha. Naomba msikiimbe tena." Kisha akayarudia maneno hayo kwa Kikipsigis, polepole, akimtazama mzee mmoja tu.

Hakungoja jibu. Aliimba kile kifupi cha kufuata mikono. Ukungu ukipanda, niite jina langu. Sauti yake ilitoka nyembamba. Hakuna aliyeitikia, maana hakuna aliyekijua. Watoto walitazamana. Aliimba ubeti wa pili, akarudi kwenye kiitikio peke yake, na wimbo ulikuwa unamfia mikononi naye ndiye aliyeuua. Mgeni wa Nairobi alikuwa tayari anatazama simu. Kim alimpa Wamuyu mgongo, akamsindikiza mgeni wake kuelekea magari.

Aliumia. Lazima lisemwe hilo, kwa sababu watu hupenda kusema kwamba ukitenda haki moyo huwa mwepesi. Moyo wake ulikuwa kama jiwe la kusagia. Aliingia ubeti wa tatu akitaka tu uishe ashuke, na wakati huo akaona kwamba Mzee Kipkemboi alikuwa ameketi tena, na fimbo imelala chini ya kiti.

Kiitikio kikafika. Wamuyu akafungua kinywa, na Chelimo, ambaye kila siku alirudi nyuma hatua moja, akaja mbele. Alikuwa amekisikia mara mbili tu. Aliingia chini ya sauti ya Wamuyu na ile sauti yake nene, akakibeba kama kapu ambalo mtu amelizoea, kata, kata, rusha, na wachumaji chai waliosimama nyuma, waliokuwa wameyajua mapigo hayo ya mikono kabla ya wimbo wowote, wakaanza kutikisa mabega.

Wamuyu alijaribu kuendelea akashindwa. Machozi yalimziba. Vidole tu ndivyo vilivyobaki kwenye gita, na Chelimo akakishika kiitikio chote peke yake, mbele ya wazee, mbele ya mama yake, *niko papa hapa, niko papa hapa*, akikirudia hadi uwanja ukakijua. Hakukohoa hata mara moja.